Wanne Kati ya Hamsini na Wanane

Mageuzi yalifika Kadutu mara tatu.
Mara ya kwanza yalikuja na muhuri wa bluu,
yakabandikwa mlangoni kwa direkta
mpaka mvua ya Novemba ikazilamba herufi zote.
Mara ya pili yalikuja na soda na biskuti,
semina ya siku mbili, kofia moja kwa kila mwalimu.
Kofia ninayo bado. Inanifaa wakati wa jua.

Mara ya tatu yalikuja na Ntakwinja,
mwalimu wa darasa la tatu, rika la binti yangu.
Akabisha hodi: “Direkta amesema tutembeleane.
Leo mimi kwako, Alhamisi wewe kwangu.”
Akaketi nyuma, kwenye benchi lililovunjika mguu,
daftari gotini, neno hana.

Basi nikafundisha. Nani Bukavu hii asiyenijua?
Miaka kumi na tisa ya chaki mapafuni,
sauti ya kuishinda mvua juu ya mabati,
nikizikata sehemu kama mchinjaji:
hii nusu, hii theluthi, mmeelewa?
“Ndiyooo, mwalimu!”
Ndiyo ile ikaporomoka mlima mzima
hadi ziwani,
nami nikaiamini.

Kengele ilipolia hakunisifu, hakunilaumu.
Alifungua daftari tu. Majina manne.
Cirhuza, mara tisa. Mugoli, mara sita.
Byamungu. Ansima.
“Hawa ndio walioongea,” akasema.
“Wengine walisema ndiyo.”

Usiku ule bugali ulinikwama kooni.
Mke wangu akauliza: mshahara umechelewa tena?
Nikamwambia, umechelewa kama kawaida yake,
si huo.
Nilikuwa nawahesabu hamsini na wanne gizani,
na sura za wengine hazikunijia.

Alhamisi nikakaa nyuma ya darasa lake.
Aliuliza swali, kisha akanyamaza.
Akanyamaza!
Moja, mbili, tatu... nilifika saba,
kimya kikiniwasha kama upupu,
nikitamani kujibu mimi mwenyewe, mtu mzima.
Kwenye nane mkono mmoja ukainuka,
halafu mingine, kama uyoga baada ya mvua.

Jumatatu nikajaribu.
Nusu ukijumlisha na theluthi?
Nikauma ulimi. Nikatazama ukuta.
Akainuka Nsimire, wa dirisha lisilo na kioo,
ambaye karo yake huja kwa noti zinazonuka samaki,
ambaye tangu Septemba sikuijua sauti yake.
“Mbili juu ya tano.”
Wakacheka.
Zamani ningesema: kosa, keti, Cirhuza!
Siku hiyo nikasikia mdomo wangu ukiuliza:
“Umefikaje hapo?”

Akaeleza. Juu kwa juu, chini kwa chini.
Njia yake ilikuwa imenyooka,
ila ilielekea bondeni.
Nikasema: chukua nusu kopo la sambaza,
mimina juu yake theluthi ya kopo.
Akafumba macho. Niliona mikono yake ikipima.
“Mwalimu, nimeongeza, halafu imekuwa chini ya nusu?
Mama angenifukuza sokoni!”
Wakacheka tena, naye akacheka nao,
akaja mbele, akaninyang’anya chaki.

Sitadanganya kwamba mwisho wa mwaka walipasi wote.
Hawakupasi wote.
Paa linavuja palepale lilipokuwa likivuja,
na wapo waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo
siku ileile walipoanza kuelewa;
hilo halitibiwi na kimya changu cha hesabu saba.

Lakini sasa daftari ninalo na mimi.
Juzi walioongea walikuwa thelathini na mmoja.
Ishirini na saba waliobaki, deni lao liko kwangu,
silipeleki wizarani.

Ijumaa ni zamu ya direkta kufundisha.
Ametuma mtoto kuuliza kama ni lazima.
Tumemjibu kwamba benchi la nyuma
limeshapigiliwa msumari.